Wenye nyumba na wapangaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tukisema "mwenye nyumba", ni nani hasa?

Neno hili limebeba watu wawili, na lawama nyingi humwangukia asiyehusika kwa sababu hiyo. Yupo anayekaa kwake: kwa mpangaji wa mlango wa pili huyu ni jirani tu, hana mamlaka ya kumwamuru wala kumkagua. Yupo pia anayepangisha, ambaye ana mkataba na mpangaji na wajibu wa kutengeneza nyumba. Katika majibu haya wa kwanza tunamwita mkazi mwenye nyumba, wa pili mpangishaji. Wakiwa mtu mmoja, yaani anakaa upande wa mbele na kupangisha vyumba vya nyuma, mambo ya geti, maji, wageni na usafi wa uwanja yaandikwe kwa makini maradufu. Ukaribu huwafanya watu waone aibu kuyataja mapema, halafu yanatajwa kwa hasira.

Kwa nini wenye nyumba huwaona wapangaji kama watu wa kupita?

Kwa sababu saa zao haziendi sawa. Aliyejenga au kununua ameweka sehemu kubwa ya mali yake mahali pamoja, na mara nyingi ana mkopo wa miaka 20 au zaidi. Mtaa ukiharibika hawezi kuikunja nyumba akaondoka nayo. Mchumi William Fischel wa Chuo cha Dartmouth alilieleza hili kwa uwazi: nyumba ni mali kubwa ambayo mwenyewe hawezi kuikatia bima dhidi ya kuporomoka kwa thamani kunakosababishwa na mazingira yake, kwa hiyo huogopa kila badiliko la jirani. Hofu hiyo ni ya kweli. Kosa ni pale anapotafutwa mpangaji wa kubebeshwa hofu hiyo.

Mwaka 1999 Denise DiPasquale na Edward Glaeser walichapisha utafiti uliotumia takwimu za Marekani na Ujerumani. Walikuta kwamba wamiliki hushiriki zaidi mambo ya mtaa, lakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo inaweza kuelezwa na ukweli kwamba wamiliki hukaa muda mrefu mahali pamoja. Mpangaji aliyepewa nafasi ya kukaa miaka 8 hupanda miti. Anayehofia kuondolewa baada ya miezi 6 hawezi kulaumiwa kwa kutopanda. Mtu akitendewa kama mpita njia, ataishi kama mpita njia.

Wapangaji hawalipi kodi ya majengo. Kwa nini basi wawe na sauti mtaani?

Wanailipa, ila mara nyingi haipiti mikononi mwao. Mpangishaji huilipa kwa fedha zinazotoka kwenye pango, kama anavyolipa bima na matengenezo. Mpangaji anatumia barabara ile ile na mtaro ule ule, na mtaro ukiziba maji yataingia kwake pia.

Hoja ya kumnyima sauti asiye na mali ni ya zamani sana. Nchini Uingereza, hadi mwaka 1918, haki ya mwanamume kupiga kura ilifungamana na kumiliki au kukaa katika nyumba yenye hadhi fulani. Sheria ya mwaka huo iliondoa kikwazo hicho kwa wanaume, lakini kwa wanawake likawekwa sharti la mali na umri wa miaka 30, lililodumu mpaka 1928. Wanaosema leo kwamba sauti ya mtaa iwe ya wenye hati peke yao wanarudia jambo lililokwisha kuachwa.

Je, kupanga ni dalili ya kutofanikiwa?

Hapana. Uswisi, nchi tajiri, wakazi walio wengi ni wapangaji. Ujerumani ni karibu nusu. Romania zaidi ya asilimia 90 wanaishi katika nyumba zao, na hakuna anayesema ni tajiri kuliko Uswisi. Kinachoamua ni sheria, mikopo na historia ya ujenzi wa nchi husika.

Mpangishaji anaingia atakapo kwa kuwa nyumba ni yake. Ana haki?

Umiliki ni wake. Matumizi, kwa muda wa mkataba, ameyauza. Sheria za nchi nyingi humtaka atoe taarifa kabla, na hata pale ambapo sheria iko kimya, weka kwenye mkataba: taarifa ya maandishi ya saa 24, saa za mchana, na sababu iliyotajwa. Dharura ndiyo pekee isiyongoja: bomba lililopasuka, moto, harufu ya gesi. Kutaka kuonyesha nyumba kwa mteja si dharura.

Mpangaji naye asikatae kila ombi. Fundi akizuiwa mara tatu na uvujaji ukaozesha dari, sehemu ya gharama inaweza kumrudia yeye.

Amana yangu hairudi kila ninapohama. Ninakosea wapi?

Karibu kila mara kosa lilifanyika siku ya kupokea funguo. Ugomvi wa amana ni ugomvi wa kumbukumbu, na asiye na kumbukumbu hushindwa, awe mpangaji au mpangishaji.

Fanyeni makabidhiano mchana, umeme ukiwa umewashwa na maji yanatoka, kabla hujaingiza hata godoro. Piga picha ya kila chumba kutoka kona mbili zinazotazamana, kisha picha ya karibu ya kila kasoro ukiweka rula au sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Fungua kila bomba kwa dakika 2, halafu pitisha karatasi kavu kwenye viungo vya mabomba chini ya sinki: karatasi ikilowa, pana uvujaji ambao macho hayakuuona. Vuta maji chooni. Fungua na ufunge kila dirisha na kila kitasa. Jaribu kila soketi kwa chaja ya simu. Hesabu funguo. Piga picha ya mita za maji na umeme, namba ya mita na usomaji vikiwa kwenye picha moja.

Sasa maandishi. Sentensi "nyumba iko katika hali nzuri" haimsaidii mtu yeyote miaka 2 baadaye. Andika hivi: "Sebule, ukuta wa dirisha: ufa wa wima, sentimita 40, kucha haiingii. Jikoni: mlango wa kabati la pili umelegea bawaba ya juu. Bafu: kigae kimoja kimevunjika kona, nyuma ya mlango." Nakala mbili, saini zenu kwenye kila ukurasa, na picha mtumiane siku hiyo hiyo ili tarehe ijithibitishe yenyewe.

Kiasi cha amana nacho kiwe na mpaka. Ujerumani sheria hairuhusu zaidi ya pango la miezi 3 bila gharama za huduma, na mpangaji anaweza kulipa kwa awamu tatu. Uingereza, kwa upande wa England, tangu 2019 mpaka wa nyumba nyingi ni pango la wiki 5. Ukidaiwa amana ya miezi 6, uliza kwa nini, na usitoe bila stakabadhi inayosema wazi kwamba ni amana. Stakabadhi iliyoandikwa "malipo" tu huja kusomwa kama pango.

Uchakavu wa kawaida ni upi, na uharibifu ni upi?

Uchakavu huja kwa kuishi: rangi kupauka, sakafu kulainika njiani, kitasa kulegea, matundu madogo ya misumari ya picha. Uharibifu huja kwa tukio au uzembe: kioo kilichovunjika, alama ya pasi sakafuni, mlango uliopigwa teke.

Hata kwenye uharibifu, mpangaji halipi bei ya kitu kipya badala ya kitu kilichokuwa kikuukuu. Mfano wa hesabu: rangi mlikadiria idumu miaka 5, ilipakwa miaka 3 iliyopita, mtoto akachora ukuta mmoja kwa wino. Umri uliobaki ni miaka 2 kati ya 5, kwa hiyo mpangaji analipa 2/5 ya gharama ya kupaka ukuta huo. Nyumba nzima haimhusu. Ikiwa rangi ilikuwa na miaka 6, hana deni hata kama ukuta unatia aibu. Wapangishaji wengi huipinga hesabu hii mara ya kwanza, ila wakiiona kwenye mkataba tangu mwanzo huikubali, maana inawalinda pia pale rangi ilipokuwa mpya.

Kuna madoa meusi ukutani. Mpangishaji anasema hatufungui madirisha. Sisi tunasema ukuta unavuja. Nani mkweli?

Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Lakini anayelala ndani pia anaweza kuikosea ila yenyewe, kwa hiyo pimeni kabla ya kulaumiana. Unyevu una njia tatu.

Wa kwanza ni jasho la nyumba: mvuke wa kupika, kuoga, kupumua na kuanika nguo ndani unagusa ukuta wa baridi na kugeuka maji. Familia ya watu wanne inaweza kutoa mvuke wa lita 10 hivi kwa siku. Dalili zake ni ukungu mweusi wa vitone vitone kwenye kona, nyuma ya kabati na kuzunguka fremu za dirisha.

Wa pili unapanda kutoka ardhini kupitia msingi. Huanzia sakafuni, kwa kawaida haupiti mita 1 hivi, na juu yake huacha mstari wa chumvi nyeupe unaochanuka kama unga. Plasta huvimba na kumeguka.

Wa tatu ni uvujaji: doa la rangi ya chai lenye pete pembeni, linalokua baada ya mvua au kila jirani wa juu anapooga.

Kutofautisha, kausha sehemu ya ukuta kwa kitambaa, bandika karatasi ya foili ya sentimita 30 kwa 30, funga kingo zote kwa tepu na uiache siku 2. Ikiwa matone yako upande wa chumba, ni jasho la nyumba. Yakiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta na hilo ni la mpangishaji. Pande zote mbili zikilowa, wote mna kazi.

Kwa jasho la nyumba, mpangaji afunike sufuria, afunge mlango wa jiko wakati wa kupika, afungue madirisha yanayotazamana kwa dakika 10 asubuhi na jioni, na aache nafasi ya sentimita 5 hadi 10 kati ya kabati na ukuta. Mpangishaji ahakikishe madirisha yanafunguka kweli na bafu lina tundu au feni ya kutolea hewa; kumwambia mtu afungue dirisha lililopigiliwa misumari ni kumwonea. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kupaka rangi juu ya doa. Maji yamebaki nyuma yake, rangi itafanya malengelenge, na ugomvi utaanza upya huku kila mmoja akiamini mwenzake ni mwongo.

Mita ya maji ni moja, tupo kaya kadhaa. Tugawane vipi bila kugombana?

Kugawa sawa kwa kaya kunamwumiza anayeishi peke yake. Njia inayodumu ni kutenganisha sehemu mbili za bili: tozo isiyobadilika igawanywe kwa kaya, matumizi yagawanywe kwa vichwa. Ikiwa matumizi ya mwezi ni uniti 60, na kaya tatu zina watu 3, 5 na 2, kila kichwa ni uniti 6: wa kwanza atalipa 18, wa pili 30, wa tatu 12. Mgeni anayekaa zaidi ya usiku 7 mfululizo ahesabiwe. Bili halisi ibandikwe mahali ambapo wote wanaiona. Mpangishaji anayetaja jumla kwa mdomo tu atashukiwa hata akiwa mwaminifu kabisa. Mita ndogo kwa kila kaya ni bora zaidi kama mabomba yanaruhusu.

Bili ikiruka ghafla, msianze na mwenye watoto wengi. Fungeni mabomba yote usiku, someni mita, kisha isomeni tena baada ya saa 2. Namba ikisogea, pana uvujaji. Mshukiwa wa kwanza ni tangi la choo, kwa sababu huvuja kimya. Tia matone machache ya rangi ya chakula ndani ya tangi na usivute maji kwa dakika 30. Rangi ikionekana kwenye bakuli, kile kizibo cha mpira chini ya tangi kimechoka au kimejaa chokaa. Ni kipuri cha bei ndogo, na kubadilisha hakumalizi nusu saa.

Wakazi wa juu yetu wana kelele. Sisi tunapanga, wao wamenunua. Tuna haki ya kulalamika?

Mnayo sawasawa na wao. Anza kwa kujua kelele ni ya aina gani. Sauti ya maneno na redio husafiri hewani, hupita kwenye nyufa za milango. Vishindo vya hatua na viti husafiri ndani ya zege lenyewe, kwa hiyo pazia zito kwenu halitasaidia kitu. Dawa iko sakafuni kwao. Vipande vya feliti (kitambaa kinene kilichoshindiliwa) chini ya miguu ya viti, zulia lenye mpira chini yake, na spika ya besi kuinuliwa kwenye sponji ngumu hupunguza sana.

Nenda mchana, siku ambayo hujakasirika. Taja tukio na saa, omba kitu kimoja: "Habari za leo, jirani. Viti vinavutwa juu ya chumba cha mtoto karibu kila siku kati ya saa 4 na saa 5 usiku. Nimeleta vipande vya feliti, unaonaje tukijaribu hivi kwanza?" Mkifikishana kwa kamati kabla ya kugonga mlango, hata anayekubali kosa hujitetea.

Kamati ya wenye nyumba imepitisha kanuni bila wapangaji. Je, zinatubana?

Mara nyingi ndiyo, kwa sababu mpangishaji alizikubali alipoinunua nyumba na mkataba wako unapitia kwake. Ila zikupate kwa maandishi kabla ya kusaini, na kanuni mpya zisikuondolee ulichokwisha kulipia, kama nafasi ya kuegesha gari.

Kupiga kura kwenye mambo ya mtaji, mfano kubadilisha paa, ni haki ya anayelipia paa. Lakini saa za kelele, usafi wa ngazi, ulinzi na taka ni mambo ya anayeishi pale. Kamati inayowaachia wapangaji kiti kimoja au viwili kwenye hayo hupata utekelezaji mzuri zaidi, maana kanuni uliyoshiriki kuitunga haihitaji kukumbushwa kwa faini. Kama kamati haitaki, mpe mpangishaji wako barua ya kukuwakilisha katika hoja mahususi, kabla ya mkutano, na umwombe aisome kama ilivyo.

Pango limepandishwa ghafla. Nijadiliane vipi?

Kwa hesabu, sio kwa kilio. Mwezi mmoja wa nyumba kukaa tupu ni 1/12 ya mapato ya mwaka, yaani asilimia 8.3. Mpangishaji akipandisha asilimia 8, mpangaji akahama, nyumba ikakaa mwezi bila mtu, atapokea 11 × 1.08 = 11.88 badala ya 12. Amepoteza, na bado hajalipa dalali wala rangi. Mwonyeshe hesabu hiyo kwa upole, taja nyumba tatu zinazofanana na kwako na pango lake, kisha toa kitu: mkataba mrefu zaidi, au ongezeko la hatua mbili.

Upandishaji wa ghafla umewahi kutikisa serikali. Mwaka 1915 maelfu ya kaya za jiji la Glasgow, Scotland, wakiongozwa na wanawake kama Mary Barbour, waligoma kulipa nyongeza ya pango wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kabla ya mwaka kuisha, sheria ilipitishwa kuzuia nyongeza hizo.

Mimi ni mpangishaji na mpangaji amechelewa kulipa. Nifanye nini?

Usibadilishe kitasa, usikate maji wala umeme, usitoe vitu nje. Katika nchi nyingi hayo ni kosa, na yanakugeuza wewe mdai kuwa mshtakiwa. Mwandikie ndani ya siku chache za kwanza, ukitaja kiasi na tarehe. Ukimya wa miezi 3 huzalisha deni lisilolipika. Aliyepoteza kazi mpe mpango: deni la miezi 2 likigawanywa kwa miezi 6 ni nyongeza ya theluthi moja ya pango kila mwezi. Akishindwa hata huo, toa notisi kwa njia ya sheria na mkubaliane tarehe ya kuhama mapema. Si ukatili, deni linalokua linamfunga yeye kuliko wewe.

Naweza kutoboa ukuta au kupaka rangi?

Omba kwa maandishi, ukitaja rangi na kama utairudisha ya awali. Kutoboa, epuka mstari wa wima juu na chini ya kila swichi na soketi, maana nyaya kwa kawaida hupita hapo.

Nahama wiki ijayo. Kitu gani hakipaswi kusahaulika?

Orodha ile ya siku ya kwanza. Tembeeni nayo chumba kwa chumba siku 3 au 4 kabla, ili ulichoharibu upate muda wa kukitengeneza kwa fundi wako na kwa bei yako. Siku ya mwisho piga picha zile zile kutoka kona zile zile, soma mita mbele ya mpangishaji, kabidhi funguo zote kwa hesabu na upate saini yenye tarehe. Acha anwani ya kutumiwa amana. Halafu gonga mlango wa jirani, umwachie namba ya simu ya anayeingia kama ameshapatikana, na umwombe amweleze mgeni ni siku gani taka hutolewa nje.